Je, Ni Haki Kila Mchuuzi Ajinunulie Amani Yake?

Swali hili ni la masoko yetu yote ya Lubumbashi, toka Ruashi hata Katuba na Kenya (ndiyo kusema komini yetu ya Kenya, si ile nchi ya mbali). Mama mmoja ana meza ya unga na makayabu. Asubuhi aja mtoza ushuru, apokea fedha, atoa stakabadhi. Kabla ya jua kushuka aja mwingine, naye ataka fedha, lakini stakabadhi hana. Mama ampa nusu ya aliyoomba, mambo yakaisha. Je, amekosa?

Wengi hujibu upesi: amelazimishwa, basi hana kosa. Ni kweli. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliulizwa habari ya mtu akopaye kwa mla riba, akafundisha kwamba mwenye shida akikopa kwa mtu aliyekwisha kuzoea kazi hiyo hashiriki dhambi yake. Vivyo hivyo aliyenyang'anywa si mnyang'anyi.

Lakini tutazame siku za mbele. Mama amekwisha kujua bei ya amani. Sasa hangoji kuombwa, atoa mapema, ili siku ya msako meza yake isiguswe na mizigo ya jirani ipakiwe garini. Hapo jambo limegeuka. Jana alionewa, leo amenunua kitu, na kitu chenyewe ni uonevu wa jirani. Tena bei hiyo itapanda, kwa sababu kila anayetoa kwa siri amfundisha mtozaji kuomba zaidi kwa asiye na kitu.

Wengine wasema: basi tusilipe lolote. La, hiyo si haki. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 65, yamwagiza kila Mkongomani kulipa kodi zake. Na kifungu cha 174 chasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Vifungu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja. Anayetaka soko lifagiliwe na mifereji izibuliwe, naye ataka kutoa mikono mitupu, ajidanganya mwenyewe.

Kwa nini basi hatujazoea kwenda pamoja kwa burugumesta au kwa meya, kuuliza kwa adabu? Nafikiri sababu moja yatoka mbali. Union Minière ilianzishwa 1906, na tangu 1967 Gécamines ilichukua mahali pake. Miaka mingi kampuni iliwapa watu wake posho, nyumba, shule na hospitali. Ilikuwa baba na mama. Halafu, miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa hiari (neno hilo «hiari» wengine hulicheka hata leo). Jamaa nyingi zikatafuta bukari yao sokoni. Kwa baba tulijifunza kuomba, na akikasirika, kujificha. Kudai haki mbele ya mji ni kazi nyingine.

Wenye kampuni na maduka makubwa wana chama chao, FEC, kilichoitwa zamani ANEZA, nacho huzungumza na wakubwa wa Serikali. Si vibaya, Papa Leo wa XIII alitetea haki ya watu kuungana tangu 1891. Ila yafaa tuulize: chama chaomba nini? Mwenye duka akiomba meza zote ziondolewe mlangoni pake, ana sababu: yeye alipa kodi ya nyumba, na mtoto wa shule hana pa kupita ila katikati ya magari. Lakini kama haulizi mama wa meza atakwenda wapi, ameomba faida yake tu na kuiita faida ya mji. Wachuuzi nao, wakiungana kwa kumfungia njia mgeni aliyekuja jana na kikapu cha bitekuteku, ni wale wale. Heri wenye duka na wenye meza wasikilizane kwanza, kabla ya kupanda ngazi za ofisi.

Kisha waandike. Kifungu cha 27 cha Katiba chatoa ruhusa kwa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, kupeleka ombi kwa mamlaka, nayo ijibu katika miezi mitatu. Barua iwe fupi: siku gani, fedha ngapi, stakabadhi ilitolewa au haikutolewa, na swali moja: ushuru huu umewekwa kwa sheria ipi?

Mtu atasema: meya hatukumchagua, atatusikia kwa nini? Lakini ofisi ya mji ni ya watu, awe amechaguliwa au amewekwa. Neno lililo zito zaidi ni woga: jina la kwanza katika karatasi ndilo litakalopigwa kwanza. Hilo silicheki. Hakuna padri wala katekista awezaye kumwamuru mama mwenye watoto sita awe shujaa. Mabaharia wa Ulaya zamani, walipomlalamikia nahodha, waliandika majina yao kwa duara, asijulikane aliyeanza. Wachuuzi ishirini waweza kufanya vile vile. Na miezi mitatu ikipita pasipo jibu, waandike barua ya pili, na tarehe ya ile ya kwanza iwekwe juu yake.