Gari la Baba na Amani ya Nyumba



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine mtalicheka, lakini ambalo limewatoa machozi wake kadha wa kadha na kuwafanya waume wao walale wamegeukia ukutani. Ni lile gari kuukuu lililoko nyuma ya nyumba. Hatusemi gari la kwendea kazini wala la kuwapeleka watoto shuleni. Twasema lile ambalo baba alilinunua kwa mapenzi tu, likaja likivutwa kwa kamba, na tangu siku hiyo limekaa juu ya mawe likingoja kufufuliwa.

Kwa mume, gari hilo ni furaha yake. Kwa mke, ni mdomo mwingine wa kulishwa. Je, Mkristo afanye nini?

Mapenzi haya yametoka wapi

Mke mpendwa, kabla hujalaani gari hilo, fahamu limetoka wapi. Wanaume wengi wa nchi hii waliovuka miaka 50 walikua wakiyangojea mbio za magari za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka. Watoto walikuwa wakiamka alfajiri kwenda kukaa kando ya barabara, wakilitazama vumbi la mbali. Joginder Singh alishinda mwaka wa 1965 akiwa na nduguye Jaswant, akashinda tena mwaka wa 1974 na wa 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo zikifuatana toka 1979 hadi 1982. Na magari yaliyoshinda, kama vile Datsun na Peugeot 504, ndiyo yale yale ambayo watu waliyaona kijijini yakiwabeba mwalimu mkuu, daktari na abiria wa kwenda mjini. Huenda mumeo anapolikwangua gari hilo kutu, anamkumbuka marehemu baba yake.

Kupenda kitu namna hiyo si dhambi. Mwenyezi Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza (Mwa 2:15), na Bwana wetu mwenyewe alijulikana kwa watu wa kwao kuwa seremala (Mk 6:3). Kazi ya mikono humpumzisha mtu aliyeshinda ofisini wiki nzima. Hata vile vyama vya wenye magari ya zamani vina faida yake. Mle wanaume hupata marafiki, husaidiana kutafuta vipuri, na wako walioepukana na baa kwa sababu Jumamosi zao zimepata shughuli.

Mahali panapouma

Basi shida iko wapi? Tutazame jinsi kazi hii inavyokwenda. Mtu huanza na jambo dogo, labda kupiga rangi tu. Fundi akiikwangua rangi ya zamani anakuta kutu. Akilikata bati lililooza anakuta sakafu nayo imeliwa. Injini ikifunguliwa ili kubadili gaskiti, pistoni na ringi zaonekana zimekwisha. Vipuri vya gari lililoacha kuundwa zamani havipatikani kila duka. Sharti vitafutwe Grogan, au katika gari bovu la mtu mwingine, au viagizwe ng'ambo na kulipiwa ushuru. Hakuna mume aliyekaa chini akakusudia kuila karo ya watoto. Huila kidogo kidogo, risiti baada ya risiti, na wazee wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuseme mke anafagia, anaikuta risiti ya kabureta ya shilingi 15,000 chini ya kiti cha gari. Kinachomchoma moyo si zile shilingi peke yake. Ni kukumbuka kwamba wiki ile ile aliambiwa hakuna pesa za kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno. Tangu siku hiyo, mumewe akisema hana kitu, atamwaminije? Mume aliyeficha risiti moja huenda akaficha ya pili, na mwisho anachukua mkopo katika chama cha akiba bila mwenziwe kujua. Wengine hufikiria hata kuiweka hati ya shamba rehani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inakataa mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili, nayo inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango wa kweli. Lakini mume Mkristo asingoje kuamriwa na sheria. Siku ya arusi alijitoa mzima mbele ya altare, na mfuko wake ulikuwamo.

Jambo la pili ni Siku ya Bwana. Mikutano ya magari mara nyingi huwa Jumapili. Yale maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970 na kufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, Nairobi, huwa Jumapili. Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, huko Naivasha, wengi tulifurahi. Lakini mwaka wa 2024 iliangukia tena Pasaka, toka Alhamisi Kuu hadi Jumapili ya Ufufuko. Kuna nyumba ambazo mama na watoto waliifuata Njia ya Msalaba peke yao, huku baba akila nyama choma Naivasha siku ambayo Kanisa limetuamuru kufunga na kuacha nyama. Baba, watoto wako hujifunza Pasaka ni nini kwa kukuona wewe ulipo siku hiyo.

La tatu ni masikio. Yuko mume ambaye akiisikiliza injini kwa dakika moja atakwambia ni vali gani inayogonga. Mume huyo huyo hajatambua kwamba mkewe ameacha kuzungumza mezani tangu mwezi uliopita. Katika maonyesho tuliyoyataja, waamuzi hukagua rangi, viti, injini, hata uvungu wa gari, na wenye magari hujitayarisha kwa majuma mengi. Laiti tungekagua nyumba zetu kwa bidii kama hiyo! Kutu ya ndoa nayo huanzia chini, mahali pasipoonekana, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wake nao

Hata hivyo, mama, nawe ujichunguze. Wako wake wanaoiita kazi ya mume takataka mbele ya watoto na wageni. Wako wanaoipeleka habari hiyo kwa dada zao na kwa Jumuiya kabla hawajamwambia mwenyewe hata neno moja la upole. Na ikiwa mume amesafiri, nawe ukamwita mnunuzi wa vyuma chakavu akalichukua gari lake, umemfanyia yale yale unayomlaumu kwayo: umeamua peke yako juu ya kitu cha wawili. Dharau huumiza kama siri inavyoumiza. Mwanamume anayechekwa kwa kile anachokipenda atakipeleka mahali pengine, naye mwenyewe atakifuata.

Dereva na msoma ramani

Waume wapenda mbio watauelewa mfano huu. Gari la mbio hubeba watu wawili. Kabla ya mashindano, dereva na msoma ramani huipita njia polepole, wakiandika kila kona, kila shimo na kila kivuko cha mto. Siku ya mbio, dereva haoni yaliyoko ng'ambo ya kona, bali mwenziwe humsomea, naye huamini na kukanyaga mafuta. Dereva akiibadili njia bila kusema, maandishi yote huwa bure, na wote wawili wamo hatarini ndani ya gari lile lile. Maandiko yasema mume na mke ni mwili mmoja (Mwa 2:24). Furaha ya mmoja basi sharti ipangwe na wawili, kona kwa kona, kabla ya mwendo kuwa wa kasi.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka wa 2016 juu ya upendo katika familia, aliwahimiza wanandoa kupeana muda wa kutosha na kusikilizana bila haraka, hata mwenzi aseme yote aliyo nayo moyoni. Kwa kumfuata yeye, twawashauri mambo haya:

1. Kaeni na daftari. Ondoeni kwanza karo, chakula, kodi ya nyumba, matibabu, akiba na sadaka. Kilichobaki, kubalianeni ni kiasi gani kitakwenda kwa gari kila mwezi. Mke naye awe na kiasi chake cha jambo alipendalo. Risiti zote zikae mahali pamoja ambapo kila mmoja aweza kuzisoma.

2. Pangeni siku. Jumamosi moja au mbili kwa mwezi zaweza kutosha kwa gereji. Kukiwa na mkutano Jumapili, familia ihudhurie Misa ya asubuhi pamoja, au ile ya Jumamosi jioni ikiwa parokia inayo. Siku Kuu Tatu za Pasaka zisiguswe.

3. Waiteni watoto, wavulana na wasichana. Mtoto aliyemshikia baba spana na kuulizwa habari za shule huku wakifunga nati atakumbuka zaidi ya gari.

4. Mama, mwombe akueleze safari moja kwa nini alipenda gari hili na si jingine. Nenda naye kwenye mkutano mara moja, ukayaone kwa macho yako.

5. Wekeni mpaka mapema. Semeni: mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, au tukikopa ili kununua chakula, gari litauzwa. Ni rahisi kulikubali neno hilo leo kuliko siku ya dhiki.

6. Baba, ikiwa deni la siri limekwisha kuwapo, usilitoe kwa vipande. Leta karatasi zote mezani jioni moja, useme jumla yake. Mama, msikilize mpaka mwisho kabla hujajibu. Likiwashinda, mwendeeni padre wenu au wazee wa ndoa mnaowaamini.

Bwana wetu ametuambia kwamba moyo wa mtu hukaa pale ilipo hazina yake (Mt 6:21). Gari laweza kupata mahali pake katika nyumba ya Kikristo, mradi mke na watoto wasisukumwe nje ili lipate kuingia.

Maswali ya kujadiliana mkiwa wawili

– Ni kitu gani ninachokipenda ambacho mwenzangu hajui gharama yake kamili?
– Mara ya mwisho tulizungumza lini kwa muda wa saa nzima, bila simu, bila kazi mikononi?
– Watoto wetu wakiulizwa baba na mama wanapenda nini kuliko vyote, watajibu nini?

Tuombe

Ee Bwana, wewe uliyeishi Nazareti katika nyumba ya fundi, ibariki kazi ya mikono yetu na mapumziko yetu. Utuondolee siri kati yetu na dharau midomoni mwetu. Utufundishe kusikilizana, ili furaha ya mmoja wetu iwe furaha ya nyumba nzima. Amina.