Mpira Uliobaki Kwenye Injini

Ndugu yangu mmoja, mfanyabiashara wa bidhaa za dukani, alipoteza injini ya pikapu yake kwenye mlima wa Kitonga kwa sababu ya kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 2KD, na ndilo lililokuwa likiilisha familia yake. Ameniruhusu nisimulie mkasa huu bila kulitaja jina lake wala la gereji. Nimeuandika kwa sababu hakuna alichofanya siku ile ambacho wewe au mimi tusingekifanya tukiwa na haraka kama yake.

Alikwenda kumwaga oili jioni, mjini Morogoro, akiwa na safari ya Iringa alfajiri. Fundi mkubwa alikuwa ameshaondoka, kazi ikashikwa na kijana anayejifunza. Hilo si kosa, vijana hujifunza kwa kushika kazi. Oili ya zamani ilimwagwa ikiwa bado ya moto, kama inavyotakiwa, na nati ya sampu ikafungwa kwa washa mpya. Kisha kijana akageukia filta. Ilikuwa imekaza mno, ikabidi izungushwe kwa mnyororo. Ilipotoka, ilitoka bila mpira wake.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu gari liliharibikia hapa, saa nyingi kabla ya Kitonga. Filta ya namna ile, iliyo kama kopo, ina mpira wa duara mdomoni unaoziba pale inapokutana na injini. Mpira huo ukikaa kwenye joto muda mrefu hukauka na kugandia chuma, hasa kama siku ya kufungwa haukupakwa oili, au kama filta ilikazwa kwa nguvu ya spana. Filta hii hukazwa kwa mkono: mpira ukishagusa chuma unaongeza kama robo tatu ya mzunguko, basi. Yule aliyeifunga mara iliyopita aliikaza kupita kiasi, pengine kwa nia njema ya kuzuia kuvuja. Ilipong'olewa, mpira ukabaki kwenye injini, mweusi juu ya chuma kilicholowa oili nyeusi, na kwa tochi ya simu haukuonekana. Lakini filta ya zamani ilikuwa mkononi mwa kijana, na mdomo wake ulikuwa mtupu. Ishara iliyokuwa wazi kuliko zote ndiyo iliyotupwa kwenye pipa la taka.

Filta mpya, nayo ina mpira wake, ikafungwa juu ya ule wa zamani. Mipira miwili ikabanana, ule wa zamani ukiwa hauna kitu cha kuushikilia usiteleze. Gari likawashwa, taa ya oili ikazimika, kijana akachungulia chini asione kitu. Angeona nini? Ardhi ya gereji zetu nyingi ni nyeusi kwa oili ya miaka mingi, na tone jipya linamezwa palepale. Laiti angetandika kipande cha boksi chini ya injini na kuiacha iungurume dakika chache!

Asubuhi, gari lilipotoka nyumbani, liliacha doa kwenye saruji. Mkewe ndiye aliyeliona. "Baba, gari linavuja." Naye akamjibu kwamba hiyo ni oili ya jana, iliyomwagikia kwenye fremu wakati filta inafunguliwa. Jibu hilo halikuwa la kipuuzi. Filta ikifunguliwa kweli humwaga oili kidogo, nayo huendelea kudondoka hata siku ya pili. Mimi mwenyewe ningelikubali jibu hilo, na ndiyo maana linanitisha. Lilikuwa na ukweli wa kutosha kumfanya asiinamie gari.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hukatiza kwa kilomita kama 50, shemeji yake aliyekaa pembeni akasema, "Shemeji, harufu hii ya oili inatoka kwetu." Akajibiwa kwa jibu lilelile: ni ya jana, inaungua juu ya bomba la moshi, itakwisha. Kusimama katikati ya hifadhi hakukuwezekana, hilo tunalielewa. Walipotoka upande wa pili, pua zilikuwa zimeshaizoea harufu, na hakuna aliyeikumbuka.

Ruaha Mbuyuni walisimama kunywa chai. Alifungua boneti, akatazama maji ya rediata, akayakuta yamejaa, akafunga. Tumezoeshwa hivyo: safari ndefu, angalia maji. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa karibu na mkono wake. Injini ile hubeba karibu lita 7, na hadi wakati huo huenda kiasi kikubwa kilikuwa kimeshabaki barabarani. Angekichomoa, angejua, na dukani angepata oili ya kuongeza wakati akimtafuta fundi. Kila ninapousikia mkasa huu, hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Kwenye kona za kwanza za Kitonga taa ya oili ikaanza kuwaka na kuzimika. Inawaka konani, inazimika gari likinyooka. Alidhani ni waya uliolegea. Kumbe oili ilikuwa imepungua kiasi kwamba gari likiinama inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa, na likinyooka inapata tena kidogo. Wengi wetu tunaichukulia taa ile kama ya mafuta ya tangi, kwamba inatuomba tujaze tukifika mjini. Sivyo. Taa ya oili hufuata presha, na ikiwaka gari likiwa safarini maana yake presha imeshaanguka, chuma kinakaribia kusagana na chuma. Muda uliobaki ni wa kuzima injini, si wa kutafuta kituo.

Lakini Kitonga ni nyembamba, malori yalikuwa mbele na nyuma, naye akataka afike juu kwanza. Injini ilikuwa inanguruma kwa gia nzito, oili iliyobaki imekuwa nyepesi kwa joto. Mpira wa zamani ukatoka mahali pake. Taa ikawaka isizimike tena, injini ikaanza kugonga, kisha ikanoki palepale mlimani. Walipoifungua, beringi za konrodi zilikuwa zimeng'ang'ania krenkshafti, na tabo ilikuwa imekufa. Filta ilikuwa bado imefungwa vizuri, na pembeni yake ule mpira wa zamani ulikuwa umening'inia.

Ndugu zangu, tukimwaga oili tusimame hapo hapo. Tumwambie fundi kwa heshima, "Naomba nione filta ya zamani," tuugeuze mdomo wake, tuutafute mpira. Usipokuwepo, uko kwenye injini, na filta mpya isiguswe hadi upatikane. Pale filta inapokaa pafutwe kwa kitambaa safi na kupapaswa kwa kidole, kwa sababu kidole huhisi kile ambacho jicho halioni. Mpira mpya upakwe oili, filta ikazwe kwa mkono. Wala tusimlaumu fundi kwa oili iliyogeuka nyeusi baada ya siku chache, dizeli ina masizi na oili yake huchafuka upesi. Kinachotakiwa kutuhangaisha ni kiasi chake kwenye kijiti.

Na kama safari ni ya alfajiri, ni heri kumwaga oili siku mbili kabla. Lala na gari nyumbani, tandika boksi chini yake, asubuhi tazama. Zunguka nalo mjini kilomita chache, lisimamishe mahali palipo sawa, zima, subiri oili ishuke kwenye sampu, halafu chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena.