Taji la Mwanariadha ni Haki ya Nani?

Iwapo wepesi wa miguu na upana wa kifua ni karama aliyotunukiwa mja na Mola wake kabla hajajua kusema, basi kwa hoja gani chuo humwita mwanafunzi mbele ya hadhara, kikamvisha nishani na kumsifu kana kwamba amejiumba mwenyewe? Suala hili halijibiwi kwa kusema tu kuwa hiyo ni ada.

Tumtazame Henry Rono, Mkenya aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, ambaye mwaka 1978, katika muda wa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000 za kawaida. Pumzi alipewa, lakini azma ya kuuzunguka uwanja hata mwili ukakinai, naye asiuitikie, ilikuwa hiari yake, na hapo ndipo, kwa rai yangu, ilipo stahili yake. Mwalimu wake, John Chaplin, naye ana fungu lake, ingawa (na hili walimu wengi hawapendi kulisikia) hakuna ustadi uwezao kutia pumzi pasipo pumzi.

Rono hakushiriki Olimpiki kamwe, kwa kuwa Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Basi anayengoja medali ya Olimpiki ndipo amtukuze mwanariadha, huyo hupima maamuzi ya serikali, wala hapimi juhudi ya mja.