Ukunga Ziwani na Sikio la Angani

Mtu akipiga ukunga kijijini usiku, kila aliyesikia hana budi kutoka. Hiyo ni sheria isiyoandikwa, na asiyeitii hulaumiwa na majirani mpaka kufa kwake. Bali aliyekuwa mbali, ambaye sauti haikumfikia, hana lawama. Basi katika mila zetu wajibu hupimwa kwa urefu wa sauti. Katika makala haya nataka kuuliza: je, sauti ya mwanadamu ikiwa yaweza kufika popote duniani, wajibu nao umefika wapi?

Kwa mtu wa Rumonge swali hili si la vitabuni. Mji huu, ulioko yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, huishi kwa mawese na kwa ziwa. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa zao kutafuta ndagala na mukeke, na aliyesimama ufukoni huziona taa hizo zimetanda majini kama mji wa pili. Lakini Tanganyika si ziwa la mchezo. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina chake hukaribia mita 1,470. Upepo ukichafuka ghafla, mtumbwi hupinduka mahali ambapo hapana wa kusikia, na simu inayotegemea mnara wa nchi kavu hufifia kadiri chombo kinavyokwenda mbali na pwani. Zamani tungelia, tukazika, tukasema kwamba umbali ndio ulioua.

Hebu sasa tutazame lililobadilika. Setilaiti nyingi za mawasiliano za miaka ya kwanza ziliwekwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako kila moja huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Setilaiti za chini hazisimami. Mtandao wa Iridium, ulioanza kutoa huduma Novemba 1998, hutumia setilaiti 66 zinazozunguka dunia katika kimo cha kilomita 780 hivi, zikipita karibu na ncha zote mbili. Kila moja humaliza mzunguko wake kwa muda wa dakika 100 hivi. Mtu aliye chini huwa nayo kwa dakika chache tu, kisha humkabidhi kwa nyingine, kama wapagazi wa kale walivyopokezana mizigo. Tena setilaiti hizo hupelekeana maneno zenyewe kwa zenyewe, hata yakafika ng'ambo ya pili ya dunia bila kugusa mnara njiani. Starlink, iliyorusha setilaiti 60 kwa pamoja Mei 2019 na kuingia Burundi mwaka 2024, imeziweka nyingi chini zaidi, kwenye kilomita 550 hivi.

Msomaji na azingatie jambo moja. Chombo kisichosimama hakiwezi kukaa juu ya paa la tajiri peke yake. Ili kifike juu ya nchi za wenye mali, hapana budi kipite juu ya majangwa, bahari na maziwa ya watu wengine. Kwa hiyo lile sikio liko juu ya mvuvi wa Rumonge usiku kucha, alipe asilipe. Kinachomtenga nalo si umbali tena, bali ni bei na kibali. Umbali ni kazi ya Muumba. Bei na kibali ni kazi ya wanadamu, na kazi ya wanadamu yaweza kuhojiwa.

Yamkini mtu atanijibu kwamba aliyejenga ana haki ya kulipwa. Jibu hilo lina uzito. Iridium ilitumia dola bilioni 5 hivi, wateja wakawa wachache kwa kuwa simu zake zilikuwa ghali, na Agosti 1999 ikafilisika. Duka lililofungwa halimwokoi mtu. Walakini mwaka uliofuata mtandao huo ulinunuliwa kwa dola milioni 25 tu, nao unafanya kazi hata leo. Sisemi kila neno lipite bure. Kumjulia hali shangazi au kuuliza bei ya mawese, hayo na yalipiwe. Lakini ukunga si mazungumzo, wala anayezama hafanyi biashara.

Kutenganisha mambo hayo mawili si ndoto. Mwaka 1979 Marekani, Muungano wa Kisovieti, Kanada na Ufaransa zilipatana kuanzisha Cospas-Sarsat, mpango wa setilaiti zinazosikiliza ishara za walio hatarini. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa na Wasovieti Juni 1982, na Septemba mwaka huo ikasaidia kuokolewa kwa watu watatu walioanguka na ndege huko Kanada. Mataifa yaliyotishiana kwa mabomu yalikubaliana kwamba kilio cha mtu hakina chama. Mpaka leo mwenye kifaa hatozwi chochote kwa kupeleka ishara hiyo. Lililowezekana kwa maadui laweza kushindikanaje kwa wafanyabiashara na serikali zinazowapa vibali?

Hata hivyo tusiishie kuwanyoshea kidole wenye anga. Setilaiti ina sikio, haina mikono. Ishara ikishuka, lazima pawepo pwani boti iliyo tayari, mafuta ndani yake, na watu walio radhi kutoka usiku. Kifaa kimoja kwa kila mtumbwi huenda kikatushinda. Kifaa kimoja kwa kundi la mitumbwi inayovua pamoja hakiwezi kuushinda ushirika wenye nia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya ziwani haingoji mchango ukusanywe.

Sisi walimu tunapowafafanulia vijana neno ukunga, tusiwaambie kuwa ni kelele ya zamani. Tuwaambie kwamba ni kelele inayomfunga kila mwenye kuisikia, na kwamba siku hizi wenye kusikia wamekuwa wengi.