Mashine ya Pili ya Lukole

Kila mwaka, tukifika wiki ya tatu ya somo la fedha za ujasiriamali, vitabu vya Marekani naviacha mezani na darasa zima nalipeleka Ngara. Hatupandi basi. Nachora ubaoni Mto Kagera, daraja la Rusumo, barabara kuu inayopita Benaco, kisha pembeni naweka duara kubwa na kuandika ndani yake: Lukole. Wengi wa wanafunzi wangu hawakuwa wamezaliwa kambi ile ya wakimbizi ilipokuwa imejaa watu. Jina wanalisikia kwangu mara ya kwanza.

Hadithi ninayowapa ni ya kutunga. Mhusika wake nimemuumba kutokana na wafanyabiashara wa aina yake, na hana jina, tunamwita Mwenye Mashine. Ila uwanja anaochezea ni wa kweli, na tarehe ni za kweli.

Mwenye Mashine alikuwa na mashine moja ya dizeli ya kusaga nafaka, akiwasagia majirani mahindi na mihogo. Biashara ya kijiji: msimu wa mavuno inanguruma, msimu mwingine kuku wanalala juu yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa zipatazo 24, Wanyarwanda kiasi cha robo milioni walivuka Rusumo kuingia Tanzania wakikimbia mauaji na vita. Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyowahi kujenga barabara huko, pakawa mji kabla ya mwezi kuisha. Msaada ukaja, na mahindi ya punje hayasongwi ugali. Mwenye Mashine akaing'oa mashine yake, akaifunga kwenye trekta la kukodi na kuipeleka waliko watu.

Malipo hayakuwa fedha. Mtu analeta debe, mwenye mashine anachota kopo moja la mahindi kabla ya kusaga, anamimina kwenye gunia lililo nyuma yake. Ndiyo hesabu yote. Jioni magunia yanasimama wima kama askari, na wachuuzi wanakuja kuyanunua. Vumbi la unga lilimkaa kwenye nyusi hata Jumapili akienda kanisani.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania ikatangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Barabara ya Rusumo ikajaa magodoro, masufuria, watoto na mbuzi. Katika wiki chache Benaco ikanyamaza. Mwenye Mashine alibaki na pipa la dizeli, na magunia ambayo bei yake ilishuka kila siku.

Lakini hakuanguka. Si mbali na hapo palikuwa na Lukole, kambi ya Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Akaihamishia mashine huko. Mwezi mmoja baadaye ilikuwa inanguruma tena.

Hapa huwa naweka chaki chini, kwa sababu hapa ndipo alipoharibikiwa, ingawa siku hiyo alijiona amepona. Somo la Benaco lilimpitia mbele ya macho akalisoma kichwa chini miguu juu. Alichojifunza ni kwamba wateja wakiondoka wengine huja. Ilitakiwa ajifunze kwamba mji wa watu laki kadhaa unaweza kufungwa kwa tangazo moja.

Kufika mwisho wa miaka ya 1990 Lukole ilikuwa na zaidi ya watu laki moja, na foleni ya madebe ilianza alfajiri. Mwenye Mashine akataka mashine ya pili, kubwa zaidi. Fedha hakuwa nazo za kutosha, akamwendea shemeji yake Mwanza, mtu wa samaki, mwenye mtaji.

“Shemeji, kwa siku unasaga madebe mangapi?”

“Mia mbili. Siku za mgao yanazidi.”

“Na wanaoondoka bila kusagiwa?”

“Wengi tu. Foleni hainipi hata nafasi ya kula.”

“Basi tunachelewa nini?”

Shemeji akatoa mtaji kwa makubaliano ya kupata asilimia 40 ya mapato ya mashine hiyo. Si mkopo, kwa hiyo hakuna riba; ikipata wanapata wote, ikikosa wanakosa wote. Ndugu hawa wawili walifanya, bila kujua jina lake, kile ambacho watu wa mitaji ya ubia wanakifanya Nairobi na San Francisco.

Nawapa wanafunzi takwimu za zoezi, nilizochagua ziwe rahisi kuzidisha. Madebe 200 kwa siku, kilo moja ya mahindi kwa kila debe, siku 25 kwa mwezi: tani tano. Kilo ni shilingi 100, kwa hiyo mapato ni 500,000. Toa dizeli na vibarua 200,000. Faida ni 300,000 kwa mwezi. Mashine inagharimu milioni nne. Vikokotoo vinalia darasa zima, na dakika tano baadaye mikono iko juu: mashine inajilipa ndani ya mwaka mmoja na miezi miwili, shemeji amepata dili, tununue na ya tatu. Mwaka jana kijana mmoja wa mbele alizidisha faida kwa miaka kumi na kuniambia biashara ile ina thamani ya milioni 36. Kazidisha sawasawa kabisa.

Nikauliza kama kuna mwenye swali kwa Mwenye Mashine. Kimya. Kisha dada mmoja aliyekaa nyuma, ambaye mama yake anauza ndizi sokoni Biharamulo, akasema taratibu: “Mwalimu, hayo mahindi yamenunuliwa na nani?”

Huwa nangoja swali hilo, na kuna miaka haliji.

Mahindi yalinunuliwa na wafadhili. Mkimbizi wa Lukole hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali, na eneo la kulima lilikuwa dogo. Wapo waliofanya vibarua mashambani kwa wenyeji, wapo waliofungua vibanda, soko la kambi lilikuwa na kila kitu mpaka wapiga picha. Lakini ukiifuatilia shilingi moja ya soko lile nyumanyuma, mara nyingi utaikuta imetoka kwenye mgao, na mgao umetoka kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, nalo linachangiwa na serikali za mbali. Aliyekuwa akimlipa Mwenye Mashine yuko Washington, yuko Brussels, yuko Tokyo. Hawajawahi kuonana. Yule mama aliyesimama kwenye foleni na debe kichwani alikuwa mtumiaji. Mlipaji alikuwa mwingine.

Basi turudi ubaoni. Kuna nyakati mgao wa kambi za Tanzania ulipunguzwa kwa sababu michango haikutosha. Chukua umekatwa nusu: madebe 100 kwa siku, mapato 250,000. Dizeli inapungua, lakini kibarua halipwi nusu, kwa hiyo gharama ni kama 150,000. Faida inabaki 100,000. Mgao umepungua nusu, faida imepungua theluthi mbili. Na hakuna aliyemwibia, hakuna mshindani aliyefungua mashine jirani, hakuna kosa alilofanya siku hiyo.

Kubwa zaidi ni redio. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalianza Arusha mwaka 1998 chini ya Mwalimu Nyerere. Alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akayachukua, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Habari hizi zilisomwa kwa Kiswahili kila jioni. Mwenye Mashine alizisikia kama habari za siasa. Kumbe zilikuwa taarifa za soko lake. Jumapili aliomba amani ya Burundi pamoja na waumini wenzake, Jumatatu akaagiza vipuri vya miaka mitano. Mwaka 2002 malori ya kurudisha watu kwao yakaanza safari, na mwaka 2008 Lukole ikafungwa.

Wanafunzi huniambia hayo ni mambo ya wakimbizi, wao wanataka kampuni za teknolojia. Sawa, twende Nairobi. Mwaka 2021 kampuni changa ya chakula iitwayo Kune ilipata dola milioni moja kutoka kwa wawekezaji ili iwapikie watu wa mjini na kuwafikishia mlangoni kwa bei nafuu. Juni 2022 ikafunga. Mwanzilishi wake alieleza kwamba tangu mwaka uanze walikuwa wameuza milo zaidi ya 55,000, ila kwa dola tatu mlo mmoja haikutosha kuibeba kampuni. Milo 55,000! Foleni ya madebe ile ile. Mteja alikuwa anakula wali, na ndani ya wali huo kulikuwa na fedha ya mwekezaji.

Copia ilikuwa jambo zito zaidi. Ilianza 2013 ikipeleka bidhaa vijijini Kenya kupitia mawakala wenye maduka, wazo zuri ambalo bado nalisifu. Januari 2022 ilitangaza kupata dola milioni 50. Miezi michache baadaye Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, na fedha za kampuni changa zikawa adimu duniani kote. Mwaka 2023 Copia ikaondoka Uganda, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Mwenye duka wa kijijini hajui riba ya Marekani ni kitu gani. Ilimfikia hivyo hivyo.

Mfuko wa mitaji ya ubia nao una mgao wake na tarehe yake ya kufungwa kambi. Kwa kawaida mfuko huishi kama miaka kumi. Waliouchangia wanataka fedha yao irudi imenenepa, na kwa kuwa kampuni nyingi zitakufa, zile chache zinatakiwa kukua kwa kasi ya kuzilipia nyingine. Ndiyo maana mwekezaji anakuuliza kama shemeji: madebe mangapi? Anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Anauliza linalomhusu. La nani ananunua mahindi ni lako wewe mwenye mashine kujiuliza, usiku, peke yako. Wachuuzi wetu wana neno la kula mtaji, na wanalisema kwa aibu. Darasani nalisikia likivishwa majina ya heshima.

Sisemi fedha ya watu isichukuliwe. Ningekuwa Mwenye Mashine mwaka 1994, nami ningeing'oa mashine siku ile ile. Kosa halikuwa kusaga mahindi ya msaada, kosa lilikuwa kununua mashine ya pili kwa imani kwamba msaada ni mvua. Na tusimcheke sana. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, tuliwaona wasomi wenye shahada mbili wakishangaa vilevile.

Katika hadithi yangu kuna mtu ambaye wanafunzi humsahau, kwa sababu darasani namtaja mara moja tu na kupita. Ni mke wa Mwenye Mashine. Tangu 1994 alikuwa na kibanda cha chakula Benaco, ukingoni mwa barabara, akiwauzia madereva wa malori ya Kigali ndizi za kupika, maharage na chai. Wakimbizi walipoondoka, malori hayakuondoka. Shemeji alipokuja kukagua mali hakukihesabu kibanda hicho. Sufuria tatu na benchi, alisema, si biashara.

Lukole ilipofungwa, mashine ya pili haikupata mnunuzi. Ilibomolewa, ikapimwa kwenye mizani ya chuma chakavu na kulipwa kwa kilo. Shemeji alisafiri kutoka Mwanza kuchukua asilimia 40 yake, njaa ikamkamata Benaco, akala ndizi na maharage kwa dada yake, na dada yake akamdai bei kamili.