Aliyeingoja Tarehe 30 Machi

Mwanzoni mwa Machi 1945, katika kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, mfungwa mmoja alimfunulia mwenzake siri. Kabla ya vita alikuwa mtunzi wa muziki. Mwezi uliotangulia aliota sauti ikimwambia aulize lolote, naye akauliza mateso yake yatakwisha lini. Akajibiwa: tarehe 30 Machi.

Aliiamini tarehe hiyo kwa moyo wote. Lakini siku zilivyosonga, habari za vita zilizopenya kambini zilionyesha kuwa ukombozi bado. Tarehe 29 homa kali ikampanda. Tarehe 30 akaweweseka, akapoteza fahamu. Tarehe 31 akafa. Hazikupita hata wiki nne, Wamarekani wakawasili.

Aliyeambiwa siri hiyo ni Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Vienna, naye mfungwa. Kilichomuua mtunzi ni homa inayoenezwa na chawa, katika mwili uliokwisha kudhoofishwa na njaa. Asije mtu akasema waliokufa makambini walikosa ujasiri. Huko ni kuwadhulumu mara ya pili. Ila Frankl aliamini kwamba tamaa ya mtu yule ilipokatika, mwili nao uliishiwa nguvu za kupambana na ugonjwa.

Frankl mwenyewe aliingia kwanza kambi ya Auschwitz mwaka 1944 akiwa ameficha ndani ya koti mswada wa kitabu chake. Koti likachukuliwa, kazi ya miaka ikapotea. Baadaye, alipougua homa ileile, alikesha akiuandika upya kwa vifupisho kwenye vipande vya karatasi, asije akazidiwa usingizini. Mswada ambao zamani ulikuwa heshima ya kazi yake, sasa ulikuwa sababu ya kufika asubuhi.

Wafungwa wawili walipomwambia hawana tena cha kutarajia maishani, hakuwaahidi kuachiliwa. Aliwasaidia kuona nini kinawangoja wao. Mmoja alikuwa na mtoto ng'ambo. Mwingine alikuwa na vitabu vya sayansi ambavyo hakuna mwingine angeweza kuvimalizia.

Nasi tumezoea kumfariji mgonjwa kwa kumwambia, "Wiki ijayo utakuwa nyumbani." Wiki hiyo ikipita, tumemwachia nini? Ndugu msomaji, ukienda hospitali au gerezani, usimpe mtu tarehe usiyoijua. Muulize habari za mwanawe, na ni kazi gani aliiacha nusu.