Venice kwa Saa Chache

Venice, kule Italia, ni mji wa mifereji. Hata takataka huzolewa kwa mashua. Tangu Aprili 2024, siku za msongamano, mgeni wa kutwa hutozwa ada kuanzia euro 5. Nani atageuza njia kwa euro 5?

Wengi hukimbilia uwanja wa San Marco na daraja la Rialto, lililokamilika 1591, wakapigana vikumbo, wakapiga picha, basi. Mimi ningeelekea mtaa wa Castello, upande wa mashariki, ambako nguo huanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha, juu ya vichwa vya wapita njia. Mji wa kale umebakiwa na wakazi wasiofika 50,000. Ukikutana na bibi darajani kabeba kikapu chake, mpishe, picha itasubiri.